Mizani ya Kukisia

Kila Jumapili, nikiteremka kutoka Milimani kwenda kanisani, swali moja hunifuata: je, muuguzi anayekisia uzito wa mtoto anadanganya? Mithali inalaani mizani ya hila.

Usiku mmoja nikiwa zamu, mama mmoja kutoka Dunga aliingia na mwanawe wa miaka 3, degedege halijamwachia. Hakukuwa na wakati wa kupima. Hesabu ya kukisia uzito tuliyofundishwa ni umri kujumlisha 4, mara 2: kilo 14. Diazepamu ya mshipani ni miligramu 0.3 kwa kila kilo, yaani 4.2. Lakini mkono wake ulikuwa mwembamba kama ufito, na dawa hiyo ikizidi hukata pumzi. Hata utepe wa Broselow, uliobuniwa Marekani, unakisia uzito kwa urefu, njaa hauioni.

“Mama, kliniki ya mwisho alikuwa kilo ngapi?”

“Tisa na nusu, sista.”

Nikamwamini yeye, aliyembeba mgongoni. Mwenye mizani ya hila anakijua kipimo cha kweli, akakificha. Mimi nilikuwa nakitafuta, mikono ikitetemeka. Nilivuta miligramu 3.

Degedege lilipokoma tulimpandisha kwenye mizani. Kilo 9.8.