Maktaba ya Kesho Inakungoja Wewe

Mwanangu, umeniuliza maktaba itabaki na kazi gani, ilhali simu yako inajibu kabla hata hujamaliza kuuliza. Swali zuri. Keti, tulizungumze taratibu.

Enzi za disketi nami nilikuwa na haraka kama wewe. Nilikuwa nimejaza madaftari hadithi na mashairi ya wazee wa kijijini kwetu. Kompyuta zilipokuja, nikayapiga chapa yote, nikayahifadhi kwenye disketi, kisha nikayachoma yale madaftari. Niliona yanajaza nyumba bure. Leo disketi ninazo, ila kompyuta za siku hizi hazina hata pa kuziingiza. Fundi mmoja alinisaidia kujaribu, akakuta nyingi zimeharibika. Na wale wazee wametangulia mbele ya haki. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sikuambii kwamba karatasi ndiyo salama. Aprili 2021 moto wa mlimani uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town, ukateketeza ukumbi wa Maktaba ya Jagger pamoja na maelfu ya vitabu vya taaluma za Afrika. Hazina iliyokuwa ghorofa ya chini ya ardhi, nyuma ya milango ya kuzuia moto, ilinusurika kwa sehemu kubwa. Karatasi huungua, mwanangu, na mashine huzeeka. Kinachodumu ni kile ambacho mtu amekubali kukinakili tena na tena, kwa subira, hata pasipo wa kumsifu.

Hata hiyo akili unde unayoipenda hujifunza kutokana na maandishi yaliyohifadhiwa. Ya Kiingereza ni mengi mno. Ya Kiswahili ni machache, na ya lugha ya bibi yako ni machache zaidi. Ndiyo maana ukiiuliza habari za kwetu hubabaika, au hubuni jibu. Haiwezi kujua ambacho hakuna aliyekitunza.

Tena kutunza peke yake hakutoshi. Maktaba ya McMillan pale Nairobi ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Vitabu vilikuwemo, nasi tulikuwa nje. Baadaye, mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ilianza kuwapelekea watu wa Garissa vitabu kwa ngamia. Huko ndiko kufungua mlango. Kesho mlango huo utakuwa bando na nywila, na asiye na pesa atabaki nje vilevile. Kwa hiyo nataka maktaba ya kesho impe mtoto wa mama mboga intaneti bila malipo, kiti, taa, na mkutubi mwenye muda wa kumsaidia kupambanua kweli na uzushi.

Usingoje serikali ikuanzishie. Likizo hii nenda kwa bibi yako, umwombe ruhusa, umrekodi na kuyaandika anayosimulia. Nakala moja mwachie yeye, nyingine ipeleke maktaba ya karibu, ya tatu iweke kwenye kompyuta. Kila mashine mpya ikija, ihamishe. Itakuchosha, na marafiki zako watakuuliza unapoteza muda wa nini. Vumilia, mwanangu. Wajukuu zako watauliza maswali ambayo majibu yake leo anayo bibi yako peke yake.