Fungu la Kumi Ziwani

Somo: Mambo ya Walawi 25:23, Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Tangu mvua zianze tumesikia neno moja likirudiwa kwenye foleni ya maji, na hata katika vikundi vya maombi: hii nchi si yetu, acha tukate. Wanaolisema ni watu waliochoka, na hatuwalaumu kwa kuchoka. Lakini neno hilo linagusa imani. Mwezi huu tulipime kwa Maandiko, na pia kwa ziwa ambalo wengi wetu tumekulia kandokando yake.

Watu wa Uvira, Baraka na Fizi, na ninyi wa Rumonge na Nyanza-Lac, Tanganyika tunaijua kwa shibe na kwa njaa. Kina chake kinafika mita 1,470, lakini ukishapita mita 100 au 200 kwenda chini hakuna hewa ya kumtosha samaki. Wote tunaowavua wanaishi katika tabaka la juu, na chakula chao kinaanzia kwenye jua. Mwani mdogo usioonekana kwa macho hushika nguvu ya jua. Vidudu vya majini hula mwani, dagaa hula vidudu, mgebuka hula dagaa, na sisi tunamweka mgebuka kwenye sufuria.

Sasa sikilizeni hesabu yake. Wataalamu hukadiria kwamba kutoka ngazi moja kwenda nyingine huvuka kama sehemu moja tu kati ya kumi ya nguvu ile. Zile tisa hutumika katika kuogelea, kupumua na kuzaa, au hutoka kama joto na mabaki. Ni fungu la kumi kweli, ila mtunza hazina wetu asitushike shati: hapa anayetoa hubaki na tisa akiwa hajaiba kitu. Kwa kadirio hilo kilo 1 ya mgebuka imetokana na kilo 10 za dagaa, kilo 100 za vidudu na kilo 1,000 za mwani. Ndiyo maana dagaa ni wengi na sangala ni wachache. Na joto likishatoka halirudi tena kuwa chakula, kwa hiyo jua hutoa upya kila siku, kama mana ilivyoshuka jangwani asubuhi kwa asubuhi.

Mabaki hayako hivyo, yenyewe hurudi. Huzama vilindini, kisha upepo wa kusi, kati ya Mei na Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye mbolea hupanda upande wa kusini. Wavuvi wetu wazee waliujua msimu huo bila kusoma kitabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulieleza kwamba maji ya juu yamepata joto na hayachanganyiki kama zamani, na kwamba ukuaji wa mwani huenda ulipungua kwa karibu asilimia 20. Anayesema samaki wamehama aangalie pia ngazi ya chini kabisa.

Tena Mungu hakuweka aina moja. Kwenye miamba ya pwani kuna samaki wa aina zaidi ya 200 wasiopatikana mahali pengine duniani. Wengine hukwangua mwani maweni, wengine hukaa ndani ya makombe ya konokono, wengine hulea watoto kinywani. Yuko hata mwizi wa magamba, ambaye mdomo wake umepinda kulia au kushoto. Wa kulia wakizidi, samaki wengine hujihadhari upande ule, na wa kushoto hupata nafasi, hivyo hakuna kundi linalolimaliza jingine. Lakini katikati ya ziwa, tunakovua kwa taa, karibu uvuvi wote unategemea aina sita: dagaa wa aina mbili, na mgebuka pamoja na ndugu zake watatu. Nyumba ya nguzo sita haivumilii nguzo mbili kuondolewa.

Kwa sababu hiyo Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, samaki wazaliane. Miezi mitatu ni mirefu kwa mwenye watoto, hilo hatulifichi. Lakini Torati ilikwisha kusema kuhusu kiota cha ndege: waweza kuchukua makinda, mama yake mwache aende. Na ahadi iliyofungwa hapo ni ya siku nyingi, ileile waliyopewa wanaoheshimu baba na mama. Mungu aliweka kiota karibu hivyo na wazazi wetu!

Turudi kwenye kuni. Mti wa miombo ukikatwa juu ya ardhi, kisiki huchipua tena. Kisiki ndicho mama wa kiota. Akikingʼoa mtu kwa jembe kwa sababu kinawaka muda mrefu, amekula makinda na mama pamoja. Na si mti peke yake: uyoga tunaouokota wakati wa mvua, mwingi wake hulishwa na mizizi hiyo kwa sukari ambayo majani yameitengeneza kwa jua. Kisiki kikienda, uyoga wake nao unakwenda, na mama mwenyeji wa kijiji cha jirani anakosa mboga pamoja na mama wa kambini.

Na lile neno kwamba nchi si yetu? Katika Walawi Mungu anawaambia Israeli, watu waliopewa nchi kwa ahadi, kwamba nchi ni yake, nao ni wageni na wapitaji kwake. Kumbe hata mwenye shamba ni mkimbizi mbele za Mungu. Basi ugeni hauwezi kuwa ruhusa ya kungʼoa, maana hakuna aliyewahi kupewa nchi kwa namna nyingine.

Akina mama mnaojua kutambua kisiki kilicho hai, tunawaomba Jumamosi mtangulie na mabinti na vijana wanaokwenda kuni. Waonyesheni pa kukata na pa kuacha, na panga libebwe badala ya jembe.

Bwana awe nanyi. Amina.