Mtoto aliyechelewa kulia si wa kufichwa



Sehemu ya gesi asilia inayowasha taa zetu hapa Dar es Salaam inatoka Mnazi Bay, Msimbati, mkoani Mtwara. Tangu mwaka 2015 inatufikia kwa bomba la zaidi ya kilomita 500. Lakini mama wa Msimbati akishikwa uchungu usiku na mtoto akakwama, hospitali ya mkoa, Ligula, iko Mtwara mjini, makumi ya kilomita kutoka kwake. Njiani mtoto anaweza kukosa hewa.

Ubongo wa mtoto mchanga hauvumilii kukosa oksijeni. Wengi wanaowahiwa hukua salama. Wengine huchelewa kukaza shingo, viungo hukakamaa, hupata degedege, hata kumeza huwa taabu. Huo ndio mtindio wa ubongo. Sababu zake ni nyingi, na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni mojawapo.

Sisi tunasemaje? "Kabemendwa huyo." "Ana jini." Mama analaumiwa, baba anaondoka, mtoto anafungiwa chumba cha uani. Je, huo ndio Uislamu? Sura ya Abasa ilishuka kwa sababu ya kipofu mmoja, Abdullah bin Ummi Maktum (r.a). Mtume (s.a.w) alimfanya muadhini, na aliposafiri alimwachia Madina. Hakumficha uani.

Tunasema ni kadari ya Allah. Ni kweli, lakini ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Utafiti wa hospitali 8 za Tanzania, uliochapishwa mwaka 2013, ulionesha kuwa wakunga walipofundishwa kumpa hewa mapema mtoto asiyepumua, vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa takriban asilimia 47.

Basi wewe mwenye ndugu kusini, tuma nauli kabla mimba haijatimia, kama unavyotuma ya Idd. Mama asingoje ruhusa ya mume aliye safarini. Mtoto aliyechelewa kulia afuatiliwe kliniki, na akionekana na dalili aanze mazoezi ya viungo mapema. Hayafuti jeraha, ila yatamsaidia kukaa, kula na kucheza na wenzake.

Siku ya Kiyama mtoto huyo hataulizwa kwa nini hakutembea. Tutaulizwa sisi tulimfanyia nini.

Wabillahi Tawfiq.