Surua Haiishi Vipele Vikiisha

Wajukuu zangu wa Chanika na Mkata, nanyi wa Korogwe mnaolea watoto kando ya mashamba ya mkonge, nataka kusema nanyi juu ya surua. Ninyi hamkuiona kama tulivyoiona sisi, ndiyo maana mnaidharau.

Huku kwetu homa yoyote huitwa malaria. Mtoto akichemka, mtu anakimbilia duka la dawa. Na surua huanza hivyohivyo: homa kali, mafua, kikohozi, macho mekundu yanayokimbia mwanga. Ukimfunua kinywa siku hizo za mwanzo, huenda ukaona ndani ya mashavu vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Vipele huchelewa. Hutokea nyuma ya masikio na usoni, kisha huteremka kifuani mpaka miguuni. Lakini mtoto huanza kuambukiza wenziwe siku nne hivi kabla ya kipele cha kwanza, kwa hiyo ukija kumfungia ndani ameshakohoa kwenye basi la Segera na kwenye benchi la zahanati. Virusi hivyo hukaa hewani hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka.

Wengi huteleza baadaye, vipele vinaponyauka na ngozi kuanza kubanduka. Nyumba nzima hushusha pumzi, na sisi wazee, Mungu atusamehe, ndio wa kwanza kusema imeshatoka nje, amepona. Kumbe surua imeacha kinga ya mwili chini, na itabaki chini kwa wiki nyingi, pengine miezi. Hapo ndipo huingia kichomi, ambacho ndicho kinachoua wengi. Mtazame anavyopumua: akihema haraka, mbavu zikiingia ndani, usisubiri kupambazuke. Vilevile akiharisha, akiwa na vidonda vya mdomo vinavyomzuia kunyonya, au sikio likitoa usaha. Na akipata degedege, au akilala usingizi asioamshika, msimpeleke kwa mganga kwanza. Kwa mtoto mmoja hivi katika kila elfu, surua huvimbisha ubongo. Mpelekeni Hospitali ya Magunga, au nyingine iliyo karibu, usiku huohuo.

Macho nayo. Mtoto mwenye upungufu wa vitamini A akipata surua, kioo cha jicho huweza kuchubuka na kutoboka, naye akabaki kipofu maisha yake yote. Mwaka 1987 madaktari wa Hospitali ya Mvumi, Dodoma, walitoa matokeo ya utafiti wa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Kati ya 92 waliotibiwa kwa kawaida tu, walikufa 12. Kati ya 88 walioongezewa vitamini A, walikufa 6. Dawa yenyewe ni matone ya kumeza, siku mbili mfululizo. Basi mtu anapowaletea maji ya majani ayatie machoni, mkatalieni kwa adabu, hata kama ni shangazi, hata kama ni mimi. Majani yafaayo ni ya kula: mchunga, kisamvu, matembele, pamoja na papai lililoiva. Msimnyime mtoto mayai wala nyama kwa sababu ya vipele. Mgonjwa wa surua anadhoofika upesi mno; huu si wakati wa kumwekea miiko.

Chanjo ipo, tena bure: ya kwanza akitimiza miezi 9, ya pili miezi 18. Hiyo ya pili, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2014, ndiyo inayosahaulika. Mtoto ameshatembea, mama yuko shambani, baba kahamisha ng'ombe, na kliniki inaonekana ni ya wachanga. Muulizeni muuguzi kama sindano zote mbili zimeandikwa. Aliyechelewa bado huchanjwa. Nendeni na kadi, na kama kadi imeliwa na mchwa, nendeni na mtoto hivyohivyo.