Damu ya Jirani Nani Ataihesabu?

Ndugu msomaji, hebu tuulizane: haki ikidaiwa kwa panga, inabaki haki?

Julai 1963, Zanzibar, chama cha ASP kilipata kura asilimia 54 hivi, lakini viti 13 tu kati ya 31. Desemba 10 uhuru ukaja, Sultani Jamshid yuleyule kitini. Uhuru gani huo? Januari 12, 1964 watu wakavamia vituo vya polisi, wakatwaa silaha. Sultani akakimbilia baharini. Baadaye wasio na ardhi wakagawiwa eka tatu tatu. Hilo si dogo, na mimi silibezi.

Lakini jamani, wengi waliouawa hawakuwa masultani. Mwenye kiduka cha sukari na chumvi alimtawala nani? Eti bila damu hakuna mapinduzi! Nakataa. Kuangusha kiti cha enzi ni jambo moja. Kumchinja jirani kwa nasaba yake ni jingine kabisa.

Jamshid alifariki Oman mwaka 2024, mzee wa miaka 95. Mwenye kiduka hakuiona Februari.

Sisi tunaoota kuandika riwaya, tuuandike ushindi, na yeye tumwandike. Kumkumbuka si usaliti.