Niko Muuguzi

Hapa Goma, kila aliyevaa koti jeupe tunamwita dokta. Mama yangu alipolazwa, mimi ndiye niliyemlinda usiku, nami nilifanya vivyo hivyo. Binti mmoja alikuja kuangalia seromu kwa tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika. "Asante, dokta," nikamwambia. Alimaliza kwanza kuhesabu matone, midomo ikicheza bila sauti, akasogeza kidogo kigurudumu cha mrija, ndipo akanijibu: "Mimi si dokta, mama. Niko muuguzi." Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetaja ukoo wake.

Jibu hilo limekaa nami. Tunadhani tunamheshimu muuguzi kwa kumpandisha cheo, kumbe tunalificha jina la kazi yake. Msichana akienda kusomea uuguzi, majirani humpa mzazi pole, kana kwamba mtoto ameukosa udaktari.

Nakumbuka Julai 2019. Ebola ilikuwa ikiua watu upande wa Beni na Butembo kwa karibu mwaka mzima, nasi tukiomba isitufikie. Tarehe 14 mchungaji mmoja akashuka kwenye basi akiwa mgonjwa. Njiani alikuwa amepita vizuizi vya kupima joto, asijulikane. Alikuja kujulikana katika kituo cha afya cha mtaani. Watumishi wa pale walimtazama, wakashuku, wakatoa taarifa, akahamishiwa kwenye kituo cha matibabu ya Ebola siku hiyohiyo. Mlipuko ule uliua zaidi ya watu 2,200, lakini ndani ya Goma, mji wenye watu wengi hivi, walithibitishwa wagonjwa wanne tu. Chanjo ilisaidia sana. Lakini chanjo haimtambui mgonjwa mlangoni. Na katika vituo vyetu vingi vya mitaa, anayekaa mlangoni, anayekuuliza umetoka wapi na homa imeanza lini, ni muuguzi. Mara nyingi ndiye mkuu wa kituo chenyewe.

Kisha ikaja Januari 2025. Vita viliingia mjini, maji na umeme vikakatika, watu wakateka maji ziwani. Katika hospitali ya CBCA Ndosho, iliyokuwa ikisaidiwa na Msalaba Mwekundu, vitanda havikutosha. Majeruhi walilazwa chini. Muuguzi aliyepiga magoti sakafuni kubadilisha bandeji naye alikuwa na watoto nyumbani, wamejificha chini ya kitanda, risasi zikilia. Baadaye benki zikafungwa, hata mwenye mshahara asiweze kuuchukua.

Watu husema uuguzi ni wito. Naamini hivyo. Lakini neno hilo tumelifanya mshahara. Wauguzi wengi nchini mwetu hawapati kitu kutoka Serikalini. Wanaishi kwa kile kituo kinachokusanya kwa wagonjwa, na wagonjwa wenyewe hawana. Wito haununui sombe wala makaa. Inaniuma kila ninaposikia tukiwasifu kwa uvumilivu, kwa sababu najua sifa hiyo imewagharimu nini.

Mama alipona. Siku ya kutoka, karatasi zilikamilika saa nane mchana, lakini alikataa kuondoka. Zamu ya usiku ilikuwa haijaingia. Aliketi kwenye benchi karibu na lango, furushi la nguo mapajani, akiangalia kila anayeingia. Kijana wa pikipiki akaanza kunung'unika. Nilimwambia asubiri.