Nao Waulize

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma alfajiri, nikitoka zamu. Umeitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi wa usingizi, zimebaki wiki tatu, na swali lako kwangu ni uvae nini. Nguo tutazifikia. Kwanza nikusimulie nilivyoaibika.

Usaili wangu wa kwanza hapa Marekani niliingia kwa mbwembwe. Nilikuwa na mwaka na nusu kwenye ICU ya moyo, nikajiona nimeiva. Mwalimu mmoja akaniuliza mgonjwa wangu wa mwisho alikuwa kwenye dripu zipi. Badala ya kuishia kwenye norepinefrini, niliyoijua vizuri, nikachomeka na milrinoni ili waone nimeshika wagonjwa wazito. Akauliza kwa upole, inafanyaje kazi? Nikajibu inagusa vipokezi vya beta. Haigusi. Inazuia kimeng'enya kinachovunja cAMP, hivyo moyo unakaza na mishipa inalegea. Siku ile niling'ang'ania jibu langu, na nilipowaona wanatazamana nikazidi kulipamba. Nafasi sikuipata.

Hawakuninyima kwa sababu ya milrinoni. Tangu hapo nimealikwa mara kadhaa kukaa upande wa pili wa meza, na najua tunachokitafuta. Usiku wa manane, oksijeni ya mgonjwa inaporomoka, tunamtaka mtu anayeweza kusema kwa sauti "sijui, njoo unisaidie." Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, kisha eleza unachokijua kilicho jirani nalo. Wakiuliza kosa ulilowahi kufanya kazini, toa kosa la kweli na ulivyobadilika baadaye. Usiwaambie kosa lako ni kufanya kazi kupita kiasi. Hilo tumelisikia hadi masikio yameota kutu.

Usikariri kitabu kizima. Anza na dripu unazozitundika mwenyewe kila zamu: kila dawa inashika kipokezi gani, inaufanya nini moyo, inaifanya nini mishipa, na kwa nini daktari kachagua hii akaiacha ile. Fenilefrini hubana mishipa peke yake, ndiyo maana mapigo hupungua presha ikipanda. Norepinefrini ina beta kidogo ndani yake. Kisha mashine ya kupumulia, gesi za damu, na ule mkunjo wa oksijeni na hemoglobini: kwa nini homa na asidi huusukuma kulia, na mgonjwa anafaidi nini ukisogea. Soma kwa kumweleza mtu. Mimi nilimweleza mume wangu, fundi magari, na hakuniachia mpaka aelewe pampu inasukuma nini na bomba limebanwa wapi. Usaili wa pili nilifaulu kwa sababu yake.

Na jambo moja la kwetu. Tumelelewa kutomkazia macho mkubwa na kutojisifu, kwa hiyo tunasema "tulimhudumia," "tuligundua." Hapa macho yakiwa chini wanadhani unaficha kitu, na "tuli-" inawafanya wajiulize wewe ulikuwa wapi. Sema "nilimpigia daktari, nikafunga dripu." Si majivuno, ni ripoti ya zamu.

Sasa nawe una ya kuwauliza. Nilipopata nafasi nilishukuru tu, sikuuliza kitu, na nikalipia. COA, baraza linaloidhinisha vyuo hivi, linavitaka vitangaze wangapi wamefaulu mtihani wa taifa kwa jaribio la kwanza, wangapi wameacha njiani, na wangapi wamepata kazi. Soma takwimu hizo pamoja, na za miaka kadhaa. Chuo kinaweza kujivunia asilimia 100 ya waliofaulu, kumbe dhaifu walishatolewa kabla ya kufika kwenye mtihani. Uliza walioondoka waliondoka kwa nini. Mkuu wa chuo akizungukazunguka kama mimi na milrinoni yangu, umeshajibiwa.

Kiwango cha chini ni wagonjwa 600 na saa 2,000 za mafunzo ya vitendo. Wengi hufika huko; tofauti iko kwenye wagonjwa wa aina gani. Hospitali yenye madaktari wanaosomea usingizi ina sindano za uti wa mgongo nyingi, lakini nani anazichoma? Mwanafunzi mwenzangu mmoja alitazama ganzi ya neva kwa miezi akiwa ukutani. Uliza pia hospitali hizo ziko umbali gani. Mimi nilipelekwa maili 160 kutoka nyumbani, nikalipa kodi ya nyumba mbili.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Tangu 2022 kila anayeanza anasomea shahada ya udaktari wa uuguzi, miaka mitatu kamili, na kufanya kazi huku unasoma ni ndoto. Mkopo wa serikali wa Grad PLUS uliotubeba wengi wetu, sheria ya 2025 imeufunga kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026. Kwa hiyo kabla ya usaili mpigie mama yako huko Tanga. Mwambie ada ya wadogo zako itatoka wapi muda huo wote. Nimeona mtu akiacha mwaka wa pili, si kwa kushindwa masomo, bali kwa simu za kutoka nyumbani.

Zungumza na wanafunzi walimu wakiwa hawapo. Waulize mwalimu anafanyaje wakikosea mbele ya mgonjwa. Wakiangalia mlango kabla ya kujibu, weka hilo akilini.

Wakikuuliza historia ya kazi hii, mtaje Alice Magaw, muuguzi wa Rochester, saa moja na nusu kutoka hapa kwangu. Mwaka 1906 alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowalaza bila hata mmoja kufa kwa dawa. Halafu waambie kwenu, kwenye hospitali nyingi za wilaya, anayemlaza mama wa kupasuliwa bado ni muuguzi.

Suti ya mahafali inatosha. Jumapili njoo kwangu na orodha ya dripu zako. Mume wangu amejipa kiti cha msaili, na tangu asubuhi ananiuliza milrinoni inaandikwaje.